Tochi Ilikuwa Bado Inapimwa

Tochi yenyewe ilikuwa na urefu wa kidole cha kati. Ilifika Mafinga ndani ya mfuko wa mchele, imeviringishwa kwenye soksi, na konda wa basi la Mbeya aliyeukabidhi mfuko huo hakujua kama una kitu kingine zaidi ya mchele. Mercy, aliyekuwa na kibanda cha vifaa vya simu sokoni Mwanjelwa, alikuwa ameshampigia baba yake simu.

"Baba, kuna mtu anataka kunipa boksi zima, tochi hamsini. Ila mimi sizijui. Hebu itumie hapo nyumbani kama watu wanavyotumia, halafu uniambie."

Angemwambia mtu mwingine maneno hayo, angejibiwa baada ya siku moja. Kasian alikuwa amekaa miaka ishirini na sita kwenye maabara ya kiwanda cha karatasi kule Mgololo, kazi yake kuchana karatasi, kuzilowesha, kuzivuta, kuzimulika na kuandika. Alipostaafu alirudi nyumbani na koti jeupe moja na tabia hiyo.

Siku ya kwanza aliiangusha tochi kutoka mezani mara tatu, mara ya mwisho kwenye sakafu ya saruji. Siku ya pili aliizamisha kwenye ndoo ya maji akahesabu mpaka mia tatu. Alimulika chini ya kitanda, ndani ya pipa la unga, nyuma ya gunia la mahindi. Aliing'ata kwa meno huku akipasua kuni, aone kama taya litachoka. Jioni alimsimamisha mkewe, Lusia, kwenye mlango wa choo, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye mparachichi, akiuliza kila hatua kama anauona uso wake.

"Naona pua," Lusia alijibu. "Baridi inaniua, Baba Mercy. Hata mimi hukunipima hivi wakati wa kunioa."

"Wewe ulikuja na barua ya padri."

Akaingia ndani kuandika. Daftari lilikuwa limepigwa mistari kwa rula.

Jambo la mwisho lilikuwa kujua inakaa na chaji kwa muda gani. Kwa hilo Kasian alikuwa na njia yake. Alikata karatasi nyeupe zenye ukubwa mmoja, akaziweka moja baada ya nyingine juu ya kioo cha tochi mpaka mwanga usipenye tena, kisha akazihesabu. Jumanne jioni, saa kumi na mbili, aliiwasha na kuiweka juu ya kabati. Jumatano asubuhi alivaa buti kwenda kufuata maranda ya mbao kwa Gerson mwenye mashine ya kupasulia, ya kutandika chini ya vifaranga.

"Tochi ipo juu ya kabati, inawaka," alimwambia mkewe. "Isiguswe."

Lusia alikuwa akigeuza mayai. Aliitikia bila kugeuka.

Jumatano hiyo mayai ya Tupokigwe yalitimiza siku saba kwenye mashine.

Mashine ya kutotolesha ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, kile alichokuwa akilala Mercy kabla ya kuhamia Mbeya. Kwa miaka minne sasa watu wa mtaani walimletea Lusia mayai, naye aliwarudishia vifaranga. Siku ya saba ndiyo ya kupima. Hufunika dirisha kwa blanketi, anaweka yai juu ya mwanga wa tochi, na yai lililo hai huonyesha nyuzi za damu zilizotandaa na kidoa cheusi katikati. Lisilo na mbegu hung'aa tupu, nalo huondolewa kabla halijaoza na kupasukia wenzake. Likiondolewa, mwenye mayai huitwa achukue chake. Lusia alikuwa na kanuni moja aliyojiwekea mwenyewe, kwamba yai la mtu halivunjwi mwenyewe asipokuwepo.

Asubuhi hiyo hakuwa na raha tangu alipoamka. Mayai haya hayakuwa kama mengine. Tupokigwe alikuwa Mnyakyusa aliyeolewa Mafinga, na siku ya harusi yake mama yake alimfungia tenga la kuku wa kwao, kuku wakubwa wenye miguu myeusi, wanaotaga mayai ya rangi nzito kama chai isiyotiwa maziwa. Mama alishafariki. Kuku waliendelea kuzaana kwa miaka kumi na tisa. Siku mbili baada ya Tupokigwe kuleta mayai sitini kwa Lusia, mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku, uliingia bandani kwake, na kufikia Jumapili hakubaki hata mmoja. Kati ya yale sitini, ishirini na mawili yalikuwa meupe, ya kuku chotara. Thelathini na manane yalikuwa ya rangi nzito. Hayo ndiyo yaliyobaki ya lile tenga.

Lusia alichukua tochi yake ya siku zote, ile kubwa ya betri tatu, akabonyeza. Kimya. Akaifungua, akakuta betri zimevuja na unga umeganda kwenye springi. Aliikwangua kwa kisu, akaipuliza, akabonyeza tena. Ilikuwa saa nne.

Akaenda kabatini. Ile ndogo ilikuwa bado inawaka, kwa saa kumi na sita sasa. Kitu kilichokesha hivyo, alijisemea, si cha kubezwa. Akaichukua.

Mayai meupe yalimpa moyo. Moja baada ya jingine yalionyesha nyuzi nyembamba, na ndani yake kidoa kinachotikisika. Alihesabu ishirini na mawili, hakuna lililokosa. Kisha akashika la kwanza la rangi nzito. Lilitoa wekundu hafifu, sawasawa pande zote, hakuna uzi. La pili hivyo hivyo. Alipofika la kumi alikaa chini kwenye kigoda. Alipomaliza yote alianza upya, safari hii akiwa amejifunika kanga kichwani ili giza likolee, na majibu yakawa yale yale. Aliyapanga mayai hayo kwenye trei nje ya mashine, akayatoa chumbani, akachukua simu.

Tupokigwe alifika kabla ya saa tano, beseni la plastiki kwapani.

"Kamwene, Mama Mercy."

"Kamwene. Karibu ukae."

"Sikai. Niambie tena ulichoniambia kwenye simu."

"Yale ya rangi nzito hayana mbegu, Mama Lusekelo."

"Yote."

"Yote thelathini na manane. Nimerudia mara mbili."

"Na meupe?"

"Meupe yanaendelea vizuri yote."

Tupokigwe aliitazama trei iliyokuwa mezani, halafu akamtazama Lusia. "Jogoo alikuwa mmoja," alisema. "Bandani kwangu hakuingia jogoo wa jirani. Sasa huyo jogoo alikuwa anachagua?"

"Mitetea nao wanazeeka. Wengine wanaweza kutaga tu lakini..."

"Waliotaga hayo walikuwa na miezi kumi na moja. Wewe ulikuja kwangu ukawaona, ukawasifia."

"Mimi nasema nilichokiona."

"Jogoo mwenyewe kashakufa, hawezi kujitetea."

Swali la jogoo mmoja lilikuwa limemgusa Lusia mahali, lakini miaka minne ya kupima mayai ilisimama mbele yake kama ukuta, na hakuuzunguka. Badala yake alifungua droo kutafuta hela aliyolipwa ya kutotolesha.

"Nikurudishie ya hayo thelathini na manane."

"Kaa nayo." Tupokigwe alishaanza kuyapanga kwenye beseni, kwa uangalifu ambao mayai ya kuliwa hayahitaji. "Nitayachemsha. Walau wanangu wale kuku wa bibi yao, hata kama hawajawahi kuwa kuku."

Alifunika beseni kwa kitenge na kuondoka bila kuaga.

Kasian alirudi saa sita na robo, gunia la maranda begani, nywele zimejaa unga wa mbao. Hata kabla ya kunawa alitazama juu ya kabati.

"Nani kaihamisha?"

"Mimi. Nimepimia mayai ya Mama Lusekelo. Yote ya rangi nzito hayana mbegu. Ameyachukua kwa hasira, na ana haki."

Kasian alisimama na taulo mkononi. Kisha akaenda kuichukua tochi, akaketi, akavuta lile bunda lake dogo la karatasi. Aliweka moja juu ya kioo, akaweka ya pili, akaweka ya tatu. Mwanga ulipotea.

"Ulipima saa ngapi?"

"Saa nne."

Alifungua daftari, akaligeuza upande wa mkewe, kidole juu ya mstari. Jumanne saa kumi na mbili jioni, karatasi kumi na nne. Saa nne usiku, tisa. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, nne.

Lusia aliisoma mistari hiyo akiwa amesimama. "Lakini ilikuwa inawaka."

"Inawaka. Ndicho nilichotaka kumweleza Mercy. Haizimiki ghafla, inashuka kidogo kidogo, na jicho linaizoea. Ukitafuta kiatu huoni tofauti."

"Yai jeupe lingepitisha hata mwanga wa mshumaa."

"Lingepitisha."

"Na la rangi nzito lisingepitisha."

Kasian alilifunga daftari.

"Kwa hiyo wewe ulijua tangu alfajiri kwamba tochi imekwisha."

"Niliandika."

"Uliandika." Lusia alilirudia neno hilo kama mtu anayepima uzito wake. "Nami nipo chumba cha pili."

"Nilisema isiguswe, Mama Mercy."

"Ulisema isiguswe. Hukusema haioni."

Alishavaa sweta. Kasian alisimama naye, akasema watafuatana, akasema labda waanze kwa kupiga simu. Lusia alikuwa ameshapiga. Simu ya Tupokigwe iliita mpaka ikakata, mara tatu. Nje ukungu ulikuwa haujapanda tangu asubuhi, na baridi ilikuwa ile ya mwezi wa sita inayoingia mpaka kwenye meno. Mayai yalikuwa nje ya mashine kwa saa mbili na zaidi. Alimwambia Kasian abaki apashe moto chumba cha nyuma, akampungia bodaboda wa kwanza aliyepita.

Jiko la Tupokigwe lilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Lusia aliona moshi kwanza. Aliingia bila kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye nyumba ya mtu, akaliona beseni sakafuni karibu na mafiga, na juu ya moto sufuria iliyofunikwa.

"Umeweka mangapi?"

Tupokigwe alikuwa akimenya viazi. "Umekuja kuyahesabu?"

"Mangapi, dada yangu?"

"Sita. Kwa nini?"

"Epua."

"Mama Mercy, umenirudishia mayai kwa sababu hayafai. Sasa nisiyale?"

"Nimekosea," Lusia alisema. Alikuwa akihema. "Tochi niliyotumia ilikuwa imeisha nguvu, nami sikujua. Sikuona kitu kwa sababu tochi haikupenya. Huenda yako hai. Sijui. Epua, halafu tuyapime kwa simu yako. Ile simu aliyokuletea Lusekelo ina mwanga mkali."

Kisu kilibaki ndani ya kiazi. Tupokigwe alimtazama kwa muda ambao Lusia aliuona mrefu, akitafuta usoni mwake kama huu ni mzaha au ni dharau ya pili. Kisha akaiepua sufuria kwa mikono mitupu, akaitua chini, akapuliza vidole vyake. Hakuifunua.

Walileta blanketi kutoka ndani. Waliketi sakafuni, blanketi juu ya vichwa vyote viwili, beseni katikati yao, harufu ya moshi na ya viazi vibichi. Tupokigwe aliwasha simu yake. Lusia alichukua yai moja, akaligusa shavuni kwanza. Lilikuwa na uvuguvugu upande uliotazama moto, na baridi upande wa pili. Akaliweka juu ya mwanga.

Nyuzi zilikuwepo. Zilitandaa kutoka kwenye kidoa kama mizizi ya kitunguu ndani ya maji, na kidoa chenyewe kilikuwa kimetulia.

"Kimekufa?" Tupokigwe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Subiri."

Walisubiri. Lusia alilizungusha yai kidogo sana. Kidoa kikajivuta, kikatulia, kikajivuta tena.

Tupokigwe alitoa mkono na kulichukua yai kutoka mikononi mwake. Alilishika juu ya mwanga mwenyewe. Kisha akageuza kichwa, akalitazama giza la blanketi upande ule ilikokuwa sufuria.

"Na yale?"

"Hayo nimeyaua mimi," Lusia alisema. "Tuyaokoe haya."

Bodaboda isingefaa, mtikisiko ungeyamaliza. Walirudi kwa miguu. Kila mmoja alifunga mayai kumi na sita tumboni kwa kanga, juu yake sweta, juu ya sweta blanketi, wakatembea polepole kandokando ya barabara kuu huku malori ya mbao yakiwapita.

"Wakituuliza?" Lusia alijaribu kusema.

"Waambie una mimba. Mimi sina maneno na wewe."

Walitembea hivyo mpaka mlangoni. Kasian alikuwa amewasha moto wa makaa chumba cha nyuma, amepanga trei, amesimama kama mtu anayesubiri wakaguzi. Tupokigwe alipita mbele yake.

"Shikamoo, Baba Mercy."

"Marahaba, mwanangu. Hili kosa..."

"Nipishe niyaweke."

Kati ya thelathini na mawili, matatu hayakutikisika tena. Ishirini na tisa yalirudi kwenye mashine.

Siku kumi na nne zilizofuata Lusia hakulala usingizi mmoja. Alikuwa akiamka kusikiliza kama feni ya mashine inazunguka. Umeme ulikatika mara mbili, na mara zote mbili Tupokigwe alifika kabla haujarudi, amejifunika, akauliza tu, "Joto lipo?" Kila asubuhi alikuja na kigoda chake mwenyewe, ingawa nyumba ilikuwa na viti. Aliketi mbele ya mashine akisuka vikapu vya nyasi za milulu na hakuomba hata maji. Lusia alipompelekea chai aliipokea, akashukuru kwa kilugha chao, "ndaga," akainywa ikiwa imeshapoa.

Habari ilikuwa imetembea. Jumamosi, baada ya sala ya jumuiya, Paskalina, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja kufuata mayai yake ambayo yalikuwa na siku nne tu.

"Nimesikia mashine imeharibika," alisema bila kumtazama.

"Mashine ni nzima. Niliyekosea ni mimi, kwenye kupima."

"Basi ngoja tu niyachukue, nina mtetea anayeatamia." Tupokigwe alikuwa pale pale kwenye kigoda, na Lusia alingoja aseme neno, lolote. Aliendelea kusuka. Paskalina alipotoka ndipo akasema, "Huyo hana mtetea anayeatamia."

Mercy naye alipiga simu. Boksi lilikuwa linamsubiri, mwenye nalo anataka jibu. Kasian alifungua daftari na kumsomea yote, ilivyoanguka, ilivyozama, hatua mpaka kwenye mparachichi, karatasi kumi na nne mpaka karatasi tatu. Alisoma kwa sauti iliyonyooka.

"Kwa hiyo nichukue, Baba?"

Akampa mkewe simu.

"Kwa mtu anayekwenda chooni usiku au anayetafuta kitu chini ya kitanda, ni tochi nzuri, haivunjiki," Lusia alisema. "Mwambie aichaji kila siku, hata akiona inawaka. Na akikuuliza kama inafaa kupimia mayai, usimuuzie mpaka umwambie yaliyonikuta. Utaje na jina langu."

"Mama, nikisema hivyo nani atanunua?"

"Basi chukua kumi, usichukue hamsini."

Usiku Lusia alimkuta Kasian akiandika ukurasa mpya. Aliinama kusoma. Alikuwa ameandika tarehe, na chini yake: Sikumwambia mke wangu. Hakukuwa na mstari mwingine. Lusia alirudi kitandani, na kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, alimtengea uji kabla hajauomba.

Siku ya ishirini na moja ilianza na meupe. Kufikia saa tatu asubuhi yalishatotoa kumi na tisa, na chumba kikajaa kelele. Ya rangi nzito yalikaa kimya. Tupokigwe alikuwa ameacha kusuka. Saa sita Lusia aliweka sikio kwenye moja, akasikia kugonga, akamwita kwa mkono. Tupokigwe alipiga magoti, akaweka sikio lake, akafumba macho.

La kwanza lilipasuka saa nane. Baada ya hapo yalikwenda kwa kusuasua, mchana kutwa, mpaka kesho yake adhuhuri. Vifaranga wengine walitoka dhaifu, miguu imelegea, na wawili walikufa wakiwa bado wamelowa. Mwisho walihesabu pamoja, kila mmoja kwa kidole chake, wakapata kumi na saba. Miguu yao ilikuwa myeusi.

Lusia aliwapanga kwenye boksi lenye maranda, wa miguu myeusi peke yao, wale wa mayai meupe wakisubiri safari ya pili. Alikuwa amezifunga hela za yale mayai sita kwenye kitambaa, pamoja na za yale mengine yaliyokufa, akaziweka juu ya meza mahali Tupokigwe atakapoziona. Tupokigwe aliziona. Alizichukua bila kuzihesabu, akazitia kwenye sidiria.

"Yale sita niliyafukia nyuma ya jiko," alisema. "Watoto niliwaambia yalioza."

"Nilidhani uliyatupa."

"Sikuweza kuyatupa."

Alinyanyua boksi. Kasian alitangulia kumfungulia mlango, na upepo wa baridi ukaingia.

"Hawa wakianza kutaga nitaleta," Tupokigwe alisema. "Siku ya saba uniite. Nitakuja na simu yangu. Usianze mpaka nifike."

"Nitakusubiri," Lusia alisema. "Hata ukichelewa."

Tupokigwe alitikisa kichwa kukubali. Akaligeuza boksi, akalikumbatia kifuani ili upepo umpige yeye mgongoni, akatoka kinyumenyume.